Daktari Asiye na Mashine

Julai 1858 manowari ya Marekani iliyoitwa Mississippi ilitia nanga Nagasaki, ikitokea pwani ya China, na ndani yake mlikuwa na mabaharia wagonjwa wa kipindupindu. Nagasaki ndiyo ilikuwa bandari ambayo Japani, iliyojifungia kwa zaidi ya karne mbili, iliiacha wazi kwa Waholanzi na Wachina. Ugonjwa haukukaa bandarini. Ulifuata njia kuu na jahazi za pwani, na kabla ya mwaka kwisha ulikuwa umefika Edo, mji tunaouita leo Tokyo, ukaua watu kwa makumi ya maelfu. Wachoma maiti walielemewa, majeneza yakarundikana.

Wimbi hilohilo la dunia lilikuwa likishuka pia kwenye bahari yetu ya Afrika Mashariki. Februari 1859 mpelelezi Mwingereza Richard Burton, akirudi kutoka Ziwa Tanganyika, alikwenda Kilwa akaukuta mji umeshikwa na kipindupindu, na baadhi ya mabaharia wa chombo chake wakafa. Aliporudi Unguja akakuta maradhi yako huko pia. Hivyo Edo na Kilwa, miji ambayo haikujuana hata kwa jina, ilizika watu wake kwa ugonjwa mmoja katika kipindi kimoja, na tabibu wa Edo na mganga wa Kilwa hakuna aliyemzidi mwenzake kwa kujua kinachoua.

Hapo ndipo inapoingia hadithi ya Minakata Jin. Mchoraji wa Kijapani Murakami Motoka alianza kuichapisha mwaka 2000 kama hadithi ya picha, na kituo cha TBS kikaitengeneza tamthilia ya televisheni kwa jina la Jin. Msimu wa kwanza ulionyeshwa mwishoni mwa 2009 na wa pili mwaka 2011, Osawa Takao akiigiza daktari huyo na Ayase Haruka akiigiza Saki, binti wa ukoo wa Tachibana. Minakata ni daktari wa upasuaji wa ubongo katika hospitali ya Tokyo ya leo. Siku moja anaanguka, na anapozinduka yuko Edo ya mwaka 1862, ambako wanaume wanatembea na panga viunoni na hakuna anayejua kwamba kuna viini. Mgonjwa wake wa kwanza ni kaka wa Saki, kijana aliyepigwa upanga kichwani. Minakata anaomba vyombo vya seremala ili amfungue fuvu. Mama mzazi anaona wazi kwamba mgeni huyu anataka kummalizia mwanawe.

Nimeipenda kazi hii kwa sababu haimpi daktari wake miujiza. Hana picha za eksirei, hana maabara, hana nusukaputi ya kutosha, hana umeme. Alichobaki nacho ni macho, mikono, na yale aliyofundishwa. Kipindupindu kinapoingia mjini anawanywesha wagonjwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari. Baadaye anatafuta ukungu, anauotesha, anauchuja kwa mafuta na makaa mpaka anapata penisilini, miaka zaidi ya 60 kabla Alexander Fleming hajauona ukungu wake London mwaka 1928. Hata hapo hafanyi peke yake. Watengenezaji wa mchuzi wa soya wa Yamasa, ambao kuvundisha maharage ndiyo kazi yao ya vizazi, wanampa jengo, mapipa na watu wanaojua jinsi ukungu unavyolelewa. Tajiri wa nyumba hiyo, Hamaguchi, aliishi kweli, na katika historia yenyewe aliwasaidia kwa fedha matabibu wa kituo cha chanjo ya ndui kilichofunguliwa Edo mwaka 1858.

Sasa tumwondoe daktari huyu Edo, tumshushe mwaka uleule wa 1862 nyuma ya Kilifi, pwani ya Kenya ya leo, katika nchi ya Ganze.

Angekuta nini? Malindi, uliokuwa magofu kwa muda mrefu, ulikuwa ndiyo kwanza unafufuliwa. Karibu na 1861 Seyyid Majid, sultani wa Unguja, alipeleka askari na walowezi, na mashamba ya mtama na ufuta yakaanza kufunguliwa kwa jasho la watumwa. Takaungu ilikuwa mikononi mwa Wamazrui waliohamia huko baada ya kushindwa Mombasa mwaka 1837. Bara yake walikuwako Wagiriama, wakitoka kidogo kidogo katika Kaya Fungo, kijiji chao kitakatifu cha msituni, na kusogea kaskazini kuelekea mto Sabaki, wakilima, wakifuga, wakiuza pembe na nafaka pwani. Wakauma walikuwa na kaya yao upande wa Jaribuni. Kwenye ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke waliishi Wawaata, mabingwa wa upinde na sumu ya mshale, ambao kwa elimu ya mizizi na magome nadhani wangempatia Minakata duka zima la dawa.

Rabai angemkuta Mjerumani mmoja, mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa amekaa hapo tangu 1846. Mwenzake Ludwig Krapf alikwisha kuondoka Rabai. Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, na miezi miwili tu baadaye homa ikamchukua Rosine na binti yao mchanga. Kaburi lao liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani kwa homa hiyohiyo. Hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyejua kwamba mbu ndiye aliyeileta. Daktari Ronald Ross hakuviona vimelea vya malaria ndani ya mbu mpaka Agosti 1897, akiwa India.

Wenyeji waliijua homa hiyo kwa sura zake. Waliijua ile ya kutetemeka na kupoa, na waliijua ile inayompata mtoto mdogo, akageuza macho, akakakamaa na kurushwa mwili mzima. Waswahili huiita degedege. Wagiriama huiita nyuni, kwa kuwa huaminika kwamba ndege mwenye pepo amepita juu ya mtoto. Mzazi wa Ganze aliyempeleka mwanawe kwa mganga hakuwa mjinga. Alikuwa ameona kwa usahihi kabisa kwamba huu si ugonjwa wa homa ya kawaida, kwamba unakuja ghafla, kwamba saa moja ya kuchelewa ni kifo. Kosa lilikuwa katika sababu, wala sababu haikujulikana kokote duniani mwaka 1862, iwe Rabai, Edo au London.

Kipindupindu kilirudi pwani yetu mwaka 1869, safari hii kikiwa kibaya zaidi. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akitibu Unguja, alifanya kazi ambayo bado inanishangaza. Aliwahoji wafanyabiashara wa misafara, akafuatilia kituo kwa kituo, akaonyesha kwamba ugonjwa haukuja kwa meli kama watu walivyodhani. Ulipita bara, kutoka kaskazini kwenye nchi ya Wamaasai, ukashuka na njia za misafara mpaka Pangani, na kutoka hapo ukavuka kwenda Unguja. Kitabu chake juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki kilitoka London mwaka 1876. Alijua njia iliyopitwa na ugonjwa kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Dawa hakuwa nayo.

Na dawa ilikuwa chini ya mikono ya watu. Hili ndilo linaloniuma ninaposoma habari za miaka ile. Mtu wa kipindupindu hufa kwa kukaukiwa maji na chumvi za mwili. Chumvi ya bahari pwani hii haijawahi kukosekana. Miwa ililimwa Pangani, na sukari guru ilipikwa huko. Kuni za kuchemshia maji zilikuwako. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: changanya hivi, kwa kipimo hiki, mnyweshe hata akitapika, usichoke. Dunia ilisubiri zaidi ya miaka 100. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, Dilip Mahalanabis alipoishiwa na dripu aliwagawia watu maji ya chumvi na sukari kwa madumu, na vifo vikashuka kutoka karibu mgonjwa mmoja katika kila watatu hadi chini ya 4 katika kila 100. Tiba ambayo Minakata anaitumia Edo ni hii hii. Watunzi wa tamthilia hawakubuni uchawi. Walichukua jambo ambalo lingewezekana mwaka 1862 kama lingejulikana.

Wagiriama wana simulizi yao ya mtu aliyevuka wakati, ila yeye alitazama mbele. Ni Mepoho, nabii mwanamke, ambaye husimuliwa kwamba aliwaona kabla hawajafika wageni wenye nywele kama nyuzi za mkonge, na vyombo vitakavyoruka angani. Wageni wakaja. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mzaliwa wa Mutsara wa Tsatsu katika Ganze hii, aliwaapisha watu wasitoe vijana wao kwa kazi za serikali ya Waingereza. Alikamatwa, akahamishiwa Kisii. Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Nalitaja hili katika habari ya tiba kwa sababu hakuna daktari anayefika mahali pasipo na historia. Serikali iliyokuja baadaye na sindano ilikuwa serikali ileile iliyokuja na baruti, na mtu wa kaya alikuwa na haki ya kuuliza anatakiwa nini tena.

Ndiyo sababu damu ilikuwa jambo zito. Pwani nzima inazijua habari za mumiani, watu wanaosemekana kunyonya damu za wengine usiku ili kuziuza. Hofu hiyo ilikuwa hai hata wakati watafiti walipokuja Kilifi na kuomba tone la damu kidoleni mwa mtoto. Kituo chao kilianzishwa mwaka 1989 kando ya hospitali ya wilaya ya Kilifi, kikiwa ushirikiano wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na mfuko wa Wellcome wa Uingereza. Miongoni mwa walioanza walikuwa Kevin Marsh, daktari Mwingereza, na Norbert Peshu, daktari Mkenya. Walilazimika kujifunza kile ambacho Minakata anajifunza mbele ya mama mwenye jeneza la mwanawe akilini: kwamba kabla ya kumfungua mtu fuvu, au hata kumchoma kidole, kuna mazungumzo marefu. Baadaye kila eneo la utafiti likachagua wawakilishi wake wa kukaa na watafiti, kuwauliza maswali magumu, na kuyarudisha majibu vijijini.

Kituo hicho sasa kina maabara kubwa, lakini kazi zake ninazoziheshimu zaidi ni zile ambazo Minakata angeweza kuondoka nazo kichwani.

Ya kwanza ilichapishwa mwaka 1995. Marsh na wenzake waliwafuatilia watoto 1,844 waliolazwa Kilifi kwa malaria, wakauliza swali la mzazi: ni yupi kati ya hawa atakayekufa? Jibu halikuhitaji mashine. Mtoto aliyepotewa na fahamu, na mtoto anayepumua kwa taabu, kifua kikibonyea na pua zikipanuka: kwenye dalili hizo mbili, moja au zote, ndiko kulikokuwa na asilimia 84 ya vifo vyote. Muuguzi wa zahanati isiyo na umeme anaweza kuziona. Mama anaweza kuziona. Yule mzazi wa kale aliyekimbia na mtoto wa nyuni alikuwa ameshaiona mojawapo. Sasa sayansi ilikuwa imempa haki yake na kumwongezea ya pili, ile ya pumzi, ambayo zamani ilidhaniwa ni ugonjwa mwingine wa kifua.

Ya pili ilikuwa chandarua. Kati ya 1993 na 1995, katika vijiji vya Kilifi, vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuua mbu viligawiwa kwa kura, vijiji vingine vikapata na vingine vikasubiri. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano waliovuka mwezi wa kwanza vilipungua kwa theluthi moja, na malaria kali ya kulazwa hospitalini ikapungua kwa asilimia 44. Utafiti huu, pamoja na tafiti nyingine za Gambia na Ghana, ndio uliosukuma dunia kugawa neti kwa mamilioni. Mtoto anayelala ndani ya neti leo kule Kongo anadaiwa shukrani na watoto wa Kilifi ambao wazazi wao walikubali kura ile.

Ya tatu ni ya kutisha, na nadhani ndiyo inayoigusa tamthilia mahali penye maumivu zaidi. Minakata anateswa na wazo moja: je, anachokifanya kinaokoa kweli? Baadhi ya anaowaokoa wanakufa muda mfupi baadaye kwa sababu nyingine, kana kwamba historia inajirudisha mahali pake. Katika wodi ya watoto ya Kilifi palikuwa na jambo ambalo madaktari wa ulimwengu mzima waliliamini. Mtoto mwenye homa kali, mikono baridi na mzunguko hafifu wa damu, mpe dripu nyingi kwa haraka. Ndivyo vilivyosema vitabu, ndivyo ilivyofanywa Ulaya na Marekani. Kathryn Maitland, daktari wa watoto wa Kilifi, aliongoza majaribio ya kulichunguza jambo hilo katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000. Watoto wa kuharisha hawakuhusishwa, kwa kuwa hao kweli wamekaukiwa maji. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Katika saa 48 za kwanza, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi ya 10. Katika kila 100 waliopewa maji polepole, ya kujikimu tu, walikufa 7. Tiba iliyotumainiwa kuokoa ilikuwa ikiua. Majaribio yalisimamishwa kabla ya wakati.

Hebu tulifikirie jambo hili. Daktari mwenye kila kitabu cha mwaka 2009 angefika Ganze ya 1862, akamwekea mtoto wa homa dripu ya haraka kwa moyo safi kabisa, na mtoto akafa. Elimu ya kesho haikutosha. Ilibidi mtu apime hapahapa, juu ya watoto wa hapa wenye malaria na upungufu wa damu, si wa kwingine.

Wajapani nao wamekuwa sehemu ya historia hii kwa njia isiyo ya tamthilia. Katika miaka ya 1980 Japani, kupitia shirika lake la JICA, iliijengea KEMRI majengo yake Nairobi, na tangu 2005 Chuo Kikuu cha Nagasaki kina kituo cha utafiti ndani ya taasisi hiyo. Nagasaki, ile bandari iliyopokea kipindupindu cha Mississippi. Mji huo ulikuwa na daktari Mholanzi, Pompe van Meerdervoort, aliyefungua humo mwaka 1861 hospitali ya kwanza ya kisasa ya Kimagharibi nchini Japani. Leo watafiti wanaotoka mji huo wanakaa Kwale, kusini ya Kilifi, wakichunguza magonjwa ya watoto wa Wadigo na Waduruma.

Narudi Ganze. Tangu mwaka 2000 kituo cha Kilifi kinaandikisha kila anayezaliwa, anayehama na anayekufa katika eneo la karibu kilomita za mraba 900 kuzunguka hospitali, watu zaidi ya robo milioni. Sehemu za Jaribuni na Sokoke zimo. Bamba na Vitengeni ziko mbali zaidi, kule ambako mvua hukosekana kwa miaka, ambako kina mama huchota maji ya mabwawa yanayotumiwa pia na mifugo, na punda hupita na madumu tangu alfajiri. Mto Sabaki uko karibu, na pale Baricho maji yake husukumwa kwa mabomba kwenda Malindi, Kilifi na Mombasa. Ganze imekuwa kwa miaka mingi ikihesabiwa miongoni mwa maeneo bunge maskini kabisa ya Kenya. Nchi inayosukumia wengine maji huku mtoto wake akinywa bwawa haihitaji daktari kutoka karne nyingine kuambiwa kosa liko wapi. Seyyid Barghash, sultani wa Unguja, aliliona lake: baada ya vifo vya kipindupindu aliuvutia mji wa Unguja maji safi ya Chemchem kwa mabomba, katika miaka ya 1880.

Kuna pia chanjo. Watoto wa Kilifi walikuwa katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyofanyika katika vituo 11 vya nchi 7. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza rasmi itumiwe. Kabla ya hapo, Kenya ilipoanza kuitoa kwa awamu ya kwanza mwaka 2019, ilianza magharibi, kandokando ya ziwa, kwa sababu huko malaria ni nyingi zaidi. Kitaalamu uamuzi ule una mantiki. Lakini mzazi wa pwani aliyemtoa mwanawe achanjwe kwa majaribio ana haki ya kujua lini zamu ya kijiji chake.

Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja na mkoba wake wa vifaa, wapite nyumba kwa nyumba. Ganze nayo ina wahudumu wake. Ni watu wa kijiji, wanajulikana kwa majina ya baba zao, wanazijua nyumba zenye watoto wadogo na nyumba zenye neti zilizotoboka. Dalili mbili za mwaka 1995 wanaweza kuzishika kwa somo la asubuhi moja, na maji ya chumvi na sukari kwa somo la robo saa. Wanachokihitaji ni malipo yasiyochelewa, dawa zisizokwisha zahanatini, na gari la kumchukua mtoto wa Bamba saa nane za usiku, njia yote mpaka Kilifi, kabla pumzi yake haijaanza kukata.